Dakika Moja Chini ya Mlima: Tathmini ya Mchepuko wa Devil's Slide, California

Anayetoka mji wa Pacifica kwenda kusini kwa Barabara Namba 1 ya California hupanda kwanza mlima kati ya mikaratusi, kisha, kabla hajajiuliza bahari imeenda wapi, hujikuta juu ya daraja refu, chini yake pakiwa na bonde la kijani, na mbele yake matundu mawili makubwa ya mahandaki yakiwa yamefunguka ubavuni mwa mlima. Huingia katika tundu la kulia, taa zikampokea, na baada ya dakika moja hivi hutokea upande wa pili uso kwa uso na Bahari ya Pasifiki. Dakika hiyo moja ndiyo huduma ninayoitathmini hapa. Ilichukua zaidi ya nusu karne ya mabishano, kesi mahakamani, kura ya wananchi na dola milioni 439 hadi ikapatikana.

Nimepita njia hii mara nyingi, mchana na usiku, katika ukungu na katika jua, na nimetembea kwa miguu juu ya barabara ya zamani iliyoachwa ukingoni mwa jabali. Naandika kwa sababu naona wengi huipita bila kujua wanapita nini, na kwa sababu naamini kuwa hii ni miongoni mwa kazi chache za barabara ambamo wajenzi walikubali hatimaye kwamba mlima umewashinda, wakatafuta njia ya heshima ya kuuepuka badala ya kuendelea kupigana nao.

Ili kuipima huduma hii kwa haki, ni lazima kujua ilichukua nafasi ya nini. Mahali penyewe huitwa Devil's Slide, yaani mporomoko wa shetani, na jina hilo halikutiwa chumvi. Ni ubavu wa mlima unaoshuka karibu wima hadi baharini, mahali ambapo miamba migumu ya jamii ya granaiti inakutana na tabaka za mchanga na tope zilizogeuka kuwa mawe zamani za kale. Tabaka hizo zimepindana na kuvunjika. Mvua za majira ya baridi hupenya katika nyufa zake, mawimbi hula kitako cha jabali kutoka chini, na kila baada ya miaka kadhaa kipande cha mlima huachia. Wa kwanza kuchonga njia hapo kwa nguvu kubwa walikuwa wajenzi wa reli ya Ocean Shore, iliyokusudiwa kuunganisha San Francisco na Santa Cruz. Tetemeko la mwaka 1906 likaangusha vifaa vyao baharini, na ijapokuwa treni zilipita hapo kwa miaka michache, safari zilikoma mwaka 1920. Barabara ya magari ikafunguliwa mwaka 1937 kwenye ubavu uleule. Mwaka 1940 tayari mporomoko mkubwa ulikuwa umeiharibu.

Tangu hapo historia ya barabara hiyo ni historia ya kufunga na kufungua. Mwaka 1995 ilifungwa kwa siku 158, na mwaka 2006 ikafungwa tena kwa takribani miezi minne. Asiyeishi upande huo anaweza kudhani kwamba kufungwa kwa barabara moja ya pwani ni usumbufu tu, lakini wakazi wa Montara, Moss Beach na Half Moon Bay walikuwa na njia nyingine moja tu ya maana ya kutokea, nayo ni Barabara Namba 92 inayovuka vilima kuelekea bara. Mtu ambaye kazi yake, mwanawe au daktari wake alikuwa mwendo wa dakika chache upande wa pili wa jabali alilazimika kuzunguka mlima mzima, akiwa katika foleni moja na kila mtu mwingine aliyefungiwa njia. Maduka na mikahawa iliyotegemea wageni wa mwisho wa wiki ilikaa mitupu. Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza cha mchepuko huu wa madaraja na mahandaki ni kuwepo kwake asubuhi baada ya mvua kubwa, kabla ya uzuri wake na kabla ya kasi yake. Kwa kipimo hicho umefaulu kabisa: tangu magari yaanze kupita humo mwezi wa Machi 2013, mporomoko wa jabali umekuwa jambo la kutazamwa kutoka mbali, kwa kuwa barabara haipo tena mgongoni mwake.

Lakini mahandaki hayakuwa wazo la kwanza la serikali, na hapa ndipo penye somo kubwa kwa yeyote anayejali barabara zinavyoamuliwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango wa idara ya barabara ulikuwa kupitisha mchepuko juu ya mlima, mbali na bahari, kwa kukata vilima na kujaza mabonde katika eneo ambalo leo ni hifadhi ya McNee Ranch. Wapenda mazingira na wakazi walikwenda mahakamani mwaka 1972, wakadai kwamba madhara ya mradi yachunguzwe kwanza kama sheria inavyotaka, na mahakama ikausimamisha. Mpango ulifufuka katika miaka ya 1980 ukapingwa tena. Hoja ya wapingaji haikuwa kwamba watu wafe kwenye jabali ili vilima vibaki. Walisema kuna njia ya tatu, kupita ndani ya mlima, nyuma ya ardhi inayoteleza. Kwa muda mrefu waliambiwa kwamba handaki ni ghali mno. Uchunguzi huru wa mwaka 1996 ukaonyesha kwamba linawezekana, na kwamba gharama yake haiko mbali na ile ya mchepuko wa juu. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo wapiga kura wa Kaunti ya San Mateo waliulizwa, na karibu robo tatu yao wakachagua handaki.

Nilipousoma mkasa huo kwa mara ya kwanza, niliubeza muda uliopotea. Sasa nafikiri vingine. Barabara ya juu ya mlima ingekuwa pana, ingepita mahali penye ukungu mzito, na ingefungua vilima vitupu kwa nyumba. Zaidi ya hayo, sheria ya pwani ya California ya mwaka 1976 inaeleza wazi kwamba Barabara Namba 1 katika maeneo ya mashambani ibaki njia mbili na yenye mandhari, hivyo handaki lenye njia moja kila upande lilikuwa ndilo umbo lililolingana na sheria na mahali. Nawasikitikia waliofungiwa njia katika miaka hiyo yote ya kungoja, na sisemi kwamba machungu yao yalikuwa madogo. Nasema tu kwamba kilichopatikana mwishoni ni bora kuliko kilichotolewa mwanzoni.

Nianze na madaraja, kwa kuwa ndiyo watu huyasahau. Ni mawili, sambamba, kila moja likiwa na urefu wa takribani mita 300, nayo yanapita juu ya bonde kwa kimo cha karibu mita 38. Ingekuwa rahisi kulijaza bonde hilo udongo na kuweka lami juu yake. Wajenzi wa zama za 1937 wangefanya hivyo bila kusita. Hapa bonde liliachwa. Chini kuna mkondo wa maji na ardhi oevu ambamo huishi chura wa miguu myekundu wa California, anayelindwa na sheria za taifa, na wanyama wengine huvuka huko kutoka upande mmoja wa mlima hadi mwingine. Ili kuepuka kuweka majukwaa ya ujenzi katika maji hayo, madaraja yalijengwa kwa kuanzia juu ya nguzo na kusonga pande zote mbili kwa wakati mmoja, kipande hiki kikimwagwa zege upande huu na kipande mwenzake upande ule, kama mizani ambayo kila sahani huongezewa kwa zamu ili isiegemee, mpaka mikono ya nguzo mbili ikakutana hewani. Ukisimama pembeni ya bonde na kutazama juu, unaona boriti nene penye nguzo na nyembamba katikati. Ni alama ya namna lilivyojengwa, na kwa macho yangu ni umbo la kupendeza kuliko pambo lolote ambalo lingebandikwa baadaye.

Mahandaki yenyewe ni mawili pia, moja la kwenda na moja la kurudi, na kila moja lina urefu wa zaidi kidogo ya mita 1,200. Uchimbaji ulianza mwaka 2007. Hawakutumia ile mashine kubwa ya duara inayotoboa mlima kama keekee, na sababu ni mwamba: upande wa kusini ni granaiti, upande wa kaskazini ni tabaka za mchanga na tope, na katikati kuna mipasuko ambapo jiwe limesagika. Mashine iliyoundwa kwa jiwe la aina moja ingehangaika katika jiwe la aina nyingine. Walitumia mbinu ambayo wahandisi huiita mbinu mpya ya Austria, na nadhani inastahili kuelezwa kidogo, kwa sababu wazo lake ni la busara.

Katika mbinu hii, mlima hauchukuliwi kuwa mzigo unaosubiri kuangukia paa. Unafanywa ujibebe wenyewe. Wachimbaji hukata kipande kifupi, mita chache tu, kwa mkono wa chuma wenye kichwa kinachozunguka chenye meno. Mara moja hupulizia zege kwa shinikizo kwenye ukuta mpya ili jiwe lisipate nafasi ya kulegea, kisha hupigilia vyuma virefu ndani ya mwamba ili tabaka zishikane, na penye jiwe bovu huongeza matao ya chuma. Baada ya hapo huja kazi ambayo naiona ndiyo kiini cha yote: kupima. Alama huwekwa ukutani na kupimwa tena na tena ili kujua mlima unasogea kiasi gani, na kipande kinachofuata huamuliwa kwa majibu hayo. Penye granaiti nzuri hatua huwa ndefu na vyuma vichache. Penye mpasuko hatua hufupishwa na uso wa uchimbaji hugawanywa sehemu. Mlima unaulizwa kila siku, na jibu lake linafuatwa. Baadaye kuta zilivikwa utando wa kuzuia maji, na mwisho zege la kudumu likamwagwa ndani yake. Hilo ndilo ukuta laini ambao dereva anauona.

Dereva pia anaona, kama ana macho ya kutazama, milango ya kando kwa vipindi. Hiyo ni njia ya kuvukia kutoka handaki moja hadi jingine, ili moto ukitokea upande mmoja watu wakimbilie upande wa pili wenye hewa safi. Darini zimening'inizwa feni kubwa za kusukuma moshi, na karibu na mlango wa kusini kuna kituo cha uendeshaji chenye wafanyakazi saa zote 24, wakitazama picha za kamera na kusubiri lisilotarajiwa. Sijawahi kukutana na ajali humo na naomba nisikutane nayo, lakini nimewahi kuona gari likiwa limesimama kwenye bega la barabara, yaani ukanda wa pembeni, ndani ya handaki, taa zake zikiwaka, na magari mengine yakipita kando yake bila msukosuko. Mabega hayo mapana ni neema. Kwenye barabara ya zamani gari lililoharibika lilikuwa na jabali upande mmoja na shimo upande wa pili.

Uzoefu wa kuendesha ni mtulivu. Mwanga ndani umepangwa vizuri, mkali zaidi karibu na milango ili macho yazoee, na lami haina mitetemo. Walipomaliza milango, waliifunika kwa mwamba wa kutengenezwa uliochongwa na kupakwa rangi kufanana na mlima. Mara ya kwanza sikutambua kwamba ulichongwa na watu. Lalamiko langu la kwanza ni la mwanga wa nje: ukitoka mlango wa kusini jioni ya siku isiyo na ukungu, jua la magharibi hukupiga usoni ghafla, na dereva mgeni hukanyaga breki kwa mshituko. Mwenye kuwa nyuma yake aache nafasi ya kutosha.

Lalamiko la pili ni zito zaidi, ingawa si kosa la waliojenga. Watu hutarajia mchepuko uondoe foleni, na huu haukuahidi hivyo. Una njia moja kila upande kama barabara iliyotangulia, na siku ya Jumamosi yenye jua, wakati nusu ya San Francisco imeamua kwenda ufukweni, magari hujipanga hadi madarajani. Nimesikia wasafiri wakinung'unika kwamba fedha zote hizo zingetosha kujenga njia mbili mbili. Siwaungi mkono. Kilichonunuliwa ni uhakika wa kupita, na njia ya ziada ndani ya mlima ingemwaga tu magari mengi zaidi katika vijiji ambavyo barabara zake za mbele ni nyembamba vilevile.

Lipo pia jambo la mandhari. Barabara ya zamani ilikuwa ya kutisha na ya kupendeza kwa pamoja, na anayepita ndani ya handaki hupoteza mojawapo ya mandhari bora kabisa za pwani hiyo. Kama hadithi ingeishia hapo, ningepunguza alama nyingi. Haikuishia hapo. Tarehe 27 Machi 2014, mwaka mmoja baada ya mahandaki kufunguliwa, kipande cha barabara ya zamani chenye urefu wa kilomita 2 hivi kilifunguliwa kuwa njia ya watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda farasi, chini ya idara ya hifadhi ya kaunti. Hii ndiyo sehemu ya huduma ninayoipenda kuliko zote. Unatembea juu ya lami ileile iliyoogopwa na madereva, unaona viraka vya miaka tofauti vikipandana na vyuma vilivyopigiliwa ubavuni kuzuia mawe, na unaelewa kwa miguu yako kwa nini kila tengenezo lilikuwa la muda. Mchoro wa mhandisi hauwezi kumfundisha mtu hivyo.

Nje kidogo baharini kuna mwamba wa ndege ambao historia yake inafaa kuelezwa hata kama inanitoa barabarani kidogo. Mwaka 1986 mafuta yaliyomwagika kutoka katika tishari la kubeba mafuta yaliangamiza kundi la ndege wa baharini waliokuwa wakizaliana hapo. Miaka kumi baadaye watafiti waliweka juu ya mwamba huo ndege wa sanamu na vipaza sauti vilivyotoa milio ya kundi, na ndege halisi wakarudi kutaga mayai. Leo, mwenye darubini aliyesimama kwenye barabara ya zamani anaweza kuwaona wamejazana juu ya jiwe, mahali ambapo zamani hakuna dereva aliyethubutu kusimamisha gari.

Kwa upande wa gharama, dola milioni 439 ni fedha nyingi, na sehemu yake kubwa ilitoka katika mfuko wa serikali kuu wa dharura za barabara. Aliyepigania fedha hizo ni mbunge Tom Lantos, mzaliwa wa Budapest aliyenusurika katika mauaji ya Wayahudi ya Vita vya Pili vya Dunia akaja kuwakilisha eneo hilo tangu mwaka 1981. Alifariki mwaka 2008, uchimbaji ukiwa haujafika mbali, na mahandaki yakapewa jina lake. Mtu anayetaka kuhukumu gharama hiyo asiilinganishe na kilomita moja ya lami ya tambarare. Ailinganishe na matengenezo yasiyokwisha ya jabali, na siku 158 za mwaka 1995, na miezi minne ya mwaka 2006, na vilima vya McNee Ranch ambavyo bado ni vya wapanda milima.

Kwa anayekwenda kwa mara ya kwanza, shauri langu ni kuanza kwa miguu na kumalizia kwa gari. Maegesho yapo katika ncha zote mbili za njia ya zamani lakini ni madogo, na siku za mapumziko hujaa mapema asubuhi. Anayechelewa asiegeshe kando ya barabara kuu karibu na milango, kwani magari hutoka gizani yakiwa na mwendo. Aje na koti hata kama Pacifica kuna jua, kwa kuwa upepo wa jabalini ni wa baridi mwaka mzima. Atembee hadi katikati, pale njia inapoukaribia ukingo, atazame chini penye mawe yaliyoanguka majini, kisha arudi, awashe gari na kuingia handakini.